Asali iliyobaki kwenye nta haihitaji moto

Wafugaji wengi wa nyuki, kuanzia Subukia hadi Rongai, huamini kuwa asali iliyonasa kwenye vifuniko vya nta, vile vinavyokatwa kwa kisu kabla ya kukamua masega, haitoki mpaka ichemshwe. Imani hii inaeleweka: usiku wa Nakuru ni wa baridi, na asali ya baridi huwa nzito, hutiririka polepole mno.

Lakini inachohitaji ni joto kidogo na muda. Ndani ya mzinga, penye makinda, joto huwa karibu nyuzi 35 za Selsiasi, na kwa kiwango hicho asali hutiririka vizuri. Nta huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64. Ukiifikisha asali huko, rangi yake inakolea na kupoteza harufu ya maua, na hiyo ni hasara kubwa kwa mfugaji.

Vunjavunja vifuniko, vitandaze kwenye chujio juu ya ndoo safi, funika dhidi ya nyuki na siafu, uviache kwenye chumba chenye joto usiku kucha. Geuza asubuhi. Nta ikianza kuchambuka mkononi badala ya kunata, asali nyingi imeshuka.

Ukitaka kuhakikisha, gawa vifuniko vya mavuno mamoja: nusu chuja, nusu yeyusha. Weka asali kwenye glasi mbili dirishani, tazama rangi, kisha onja.

Mabaki yanaweza kuoshwa kwa maji, ila maji hayo yasirudishwe kwenye asali, kwa kuwa itachacha.