“Anaweza kujizuia akitaka”

Mama alinipa simu kabla hajakaa. “Daktari, tazama mwenyewe, maana hapa hatafanya.” Video ilipigwa usiku, sebuleni kwao huko Pasua. Kijana wa miaka 10, sahani ya makande mapajani. Bega la kulia linaruka, kidevu kinalifuata, kijiko kinamwaga maharage mkekani, halafu sauti fupi ya kooni, hm! hm!, kama ya mtu aliyekwamwa na mwiba wa samaki. Katika sekunde 40 nilihesabu mara 11. Mhusika mwenyewe alikuwa mbele yangu, ametulia tuli, mikono kaikalia, ananitazama kama mtoto wa kwaya.

“Umeona?” mama akasema. “Anaweza kujizuia akitaka. Hata mwalimu wake kasema hivyo hivyo.”

Walipotoka, mlango haujafunga vizuri, nikamsikia koridoni: hm! hm! hm! hm! Mfululizo, bila kupumzika.

(Mambo kadhaa nimeyabadilisha ili asitambulike. Mama yake ameniruhusu niandike.)

Ninatibu matatizo ya afya ya akili ya watoto hapa Moshi, na sentensi hiyo ya mama kuhusu watoto wenye ugonjwa uitwao Tourette nimeisikia kwa wazazi, walimu, wachungaji, hata kwa madaktari wenzangu. Mtoto hufika kwangu akiwa ameshazunguka sana. Kupepesa macho kumempatia matone ya aleji. Kuguna kumempatia antibiotiki na chupa tatu za dawa ya kikohozi. Dawa ya minyoo haikosekani. Wengine wamefanyiwa maombi ya siku tatu, wengine wamepelekwa kwa mganga na hawasemi mpaka ziara ya pili. Na mimi simo nje ya orodha hiyo. Nikiwa daktari mpya, katika hospitali nyingine, nilimwandikia msichana mmoja dawa za kifafa kwa miezi minane kwa sababu mabega yake yaliruka. Sikumwuliza swali moja tu: kabla bega halijaruka, unasikia nini?

Siku hizi naanza na hilo. Yule kijana alifikiri kidogo akasema, “Ni kama siafu yuko ndani ya bega. Nikiruka anatoka. Halafu anarudi.” Mtoto mwingine aliniambia ni kama chafya iliyokwama. Watu wazima wenye tatizo hili karibu wote wanaujua mwasho huo. Watoto wadogo wanao lakini hawana jina lake. Jaribu kutopepesa macho kuanzia sasa hadi mwisho wa aya hii. Unaweza. Lakini jinsi unavyozidi kuzuia ndivyo inavyozidi kukusumbua, na ukiachilia utapepesa mara tatu badala ya moja. Mtoto anayekaa kimya darasani kuanzia asubuhi hadi kengele ya mwisho anafanya kazi hiyo siku nzima, huku akitakiwa pia kusikiliza hesabu. Akifika nyumbani anaachilia, na mama anaona kiburi.

Miruko na miguno hiyo kitaalamu huitwa tiki. Tukisema mtoto ana Tourette tunamaanisha amekuwa na tiki za mwili zaidi ya moja na angalau moja ya sauti, si lazima kwa wakati mmoja, kwa zaidi ya mwaka, na zilianza kabla ya miaka 18. Hatuna kipimo cha damu wala picha ya kichwa ya kuithibitisha. Tunasikiliza na kutazama, na video ya simu ni bora kuliko macho yangu. Kutukana ovyo, jambo ambalo watu walioona filamu huniuliza la kwanza, hutokea kwa mgonjwa mmoja hivi katika kila kumi. Makadirio mengi yanasema watoto 3 hadi 10 katika kila 1,000 wa umri wa shule wana Tourette, wavulana mara tatu au nne zaidi ya wasichana. Kwa hiyo shule yoyote kubwa ya msingi hapa mjini huenda ina watoto kadhaa, na sijui wangapi wameshachapwa viboko kwa ajili ya bega. Kwa kawaida huanza kati ya miaka 5 na 7, hupamba moto kati ya 10 na 12, kisha kwa wengi hupungua sana wanapoelekea utu uzima.

Kuna tabia moja ya tiki ambayo ukiielewa utaelewa kwa nini kila mtu hapa mjini ana dawa iliyomponya fulani. Tiki huja na kuondoka. Wiki tatu mbaya, mwezi mzuri, macho yanaacha, koo linaanza. Mzazi hatafuti msaada wiki nzuri. Anakwenda hali ilipofika kileleni, na toka kileleni njia ni kushuka. Aliyefikiwa siku hiyo, awe mganga, mchungaji au mimi, anapata sifa. Ndiyo maana katika ugonjwa huu siamini ushuhuda wa mtu mmoja hata akiapa, na naamini tu utafiti wenye kundi la pili lililopewa kitu kingine.

Jina lenyewe lilitoka Paris. Georges Gilles de la Tourette, daktari kijana katika hospitali ya Salpêtrière, alieleza wagonjwa 9 mwaka 1885 na akahisi kwamba jambo hili linatembea katika familia. Alikuwa karibu na ukweli. Waliomfuata ndio waliopotea. Kwa miongo mingi ya karne ya 20 wataalamu wa nafsi walishikilia kwamba tiki ni hasira au tamaa iliyofukiwa, na lawama ikaishia kwa mama mzazi. Ukiondoa koti jeupe, ni “anaweza kujizuia akitaka” ileile. Mwaka 1961 daktari mmoja Ufaransa akaripoti kwamba haloperidoli, dawa ya wagonjwa wa akili, inapunguza tiki. Arthur na Elaine Shapiro, mume na mke huko New York, wakaendeleza hoja na kuandika mwaka 1968 kwamba tatizo liko kwenye ubongo. Mwaka 1972 familia za wagonjwa zikaunda chama chao Marekani, na tafiti nyingi zilizofuata zilisukumwa na wazazi.

Ubongo unafanyaje? Wanaotoka Marangu, Machame au Kibosho watanielewa haraka nikitumia mfongo, mfereji wetu wa kumwagilia mashamba. Maji yanashuka toka mlimani usiku na mchana. Shamba lako halifuriki kwa sababu mfereji umezibwa kwa tope na majani ya mgomba, na zamu yako ikifika unazibua pale tu panapohusika. Chini ya gamba la ubongo, ndani kabisa, kuna viini vinavyofanya kazi ya mizibo hiyo. Mapendekezo ya kusogeza misuli hushuka kutoka juu kila wakati. Viini hivi huruhusu moja na kuzuia mengine, na dopamini, kemikali inayopeleka ujumbe ubongoni, ni mojawapo ya mikono inayozibua. Kwenye Tourette mzibo unavuja. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, walichunguza ubongo wa watu 5 waliofariki wakiwa na Tourette kali, wakachapisha mwaka 2010: katika striatamu, mojawapo ya viini hivyo, aina mbili za chembe ambazo kazi yake ni kutuliza na kuratibu majirani zilikuwa pungufu kwa nusu hivi. Watu 5 ni wachache, na walikuwa wagonjwa wenye hali mbaya sana. Hata hivyo ni mara chache mfano wangu wa mfongo unapata ushahidi wa kushikika kiasi hicho.

Kwa nini mzibo uvuje? Sehemu kubwa ni urithi. Mwaka 1985 utafiti wa mapacha ulionyesha kwamba pacha wa kufanana mmoja akiwa na Tourette, mwenzake naye alikuwa nayo kwa asilimia 53. Kwa mapacha wasiofanana ilikuwa 8. Ukihesabu tiki za aina yoyote, 77 dhidi ya 23. Watu wakaanza kusaka jeni. Mwaka 2005 jeni la SLITRK1 lilishangiliwa, kisha likaonekana kuhusika katika familia chache sana. Mwaka 2010 ikaelezwa familia moja ya baba na watoto wake wanane, wote tisa wana Tourette, wote tisa na kasoro ileile katika jeni la kutengeneza histamini, kemikali nyingine ya ubongo. Habari nzuri kusimulia, lakini familia nyingine za namna hiyo karibu hazipatikani. Picha iliyobaki ni ya jeni nyingi sana, kila moja ikichangia chembe kidogo, pamoja na mambo mengine ya ujauzito na utotoni.

Kijana wangu aliletwa ziara ya pili na mjomba wake, dereva wa bodaboda, kwa kuwa mama alikuwa sokoni Mbuyuni. Wakati namweleza habari za urithi, mjomba alikunja pua na kupepesa macho mawili kwa nguvu. Baada ya dakika mbili, tena. Sikusema kitu.

Swali la sindano huja kila wiki. Mwaka 1998 Susan Swedo na wenzake Marekani walieleza watoto ambao tiki au mawazo ya kujirudia yalilipuka ghafla baada ya maambukizi ya koo ya bakteria waitwao streptokoka. Wazo hilo limesambaa mpaka limefika Moshi, na wazazi wengine wanaomba penisilini ya kila mwezi. Lakini utafiti mkubwa wa Ulaya uliofuatilia watoto zaidi ya 700 wenye tiki, matokeo yake yakatoka 2021, haukukuta kwamba kupata streptokoka kunafuatwa na kuzidi kwa tiki. Koo lenye streptokoka litibiwe, tena vizuri, kwa ajili ya moyo wa mtoto, ambao maambukizi hayo yanaweza kuudhuru. Kwa ajili ya bega, hapana.

Tiba sasa. Wengi hawahitaji zaidi ya maelezo na barua kwa mwalimu mkuu. Na mara nyingi kinachomwangusha mtoto shuleni si tiki, ni utukutu na kukosa umakini, au wasiwasi wa kufunga mlango mara saba, vitu ambavyo huandamana na Tourette kwa karibu nusu ya watoto au zaidi. Vitu hivyo navitibu kwanza.

Kama tiki zenyewe zinauma au zinamwaibisha, ninachoanza nacho hakiuzwi duka la dawa. Wanasaikolojia Nathan Azrin na Gregory Nunn walikieleza mwaka 1973, kikadharauliwa muda mrefu. Mwaka 2010 kilijaribiwa kwa watoto 126 Marekani, vipindi 8 katika wiki 10. Waliofundishwa mbinu hizo, asilimia 53 hivi walipata nafuu ya wazi. Waliopewa ushauri na maelezo tu, 19 hivi. Kitu chenyewe ni hiki. Mtoto anajifunza kuutambua mwasho unapoanza, siafu anapoingia begani. Papo hapo, kabla ya kuruka, anabana kiwiko ubavuni, anavuta bega chini taratibu, kidevu kidogo ndani, anashikilia dakika moja au mpaka mwasho upoe. Kwa mguno: mdomo umefungwa, pumzi ya pole inaingia na kutoka puani. Hatumwambii ajizuie. Anaupa mwili kazi ambayo haiwezi kufanyika pamoja na tiki, na polepole ubongo unagundua kwamba siafu huondoka mwenyewe hata asiporukiwa.

Kazi ya nyumbani ilikuwa kuhesabu. Mama alichora mistari nyuma ya kalenda ya kanisa, dakika kumi kila jioni, minne na wa tano unakata, kama mtu anayehesabu debe za kahawa. Bibi naye tulimpa kazi: aache kusema “Acha hiyo!” Ilikuwa ngumu kuliko zote. Wiki ya kwanza mistari 46, wiki ya sita 19. Nakumbuka nilichosema kuhusu kushuka toka kileleni, kwa hiyo sidai kwamba yote ni kazi yetu. Lakini makande hayamwagiki.

Dawa zipo. Haloperidoli ndiyo rahisi kupatikana hapa, na ndiyo ninayoiogopa zaidi: inaweza kupinda shingo na kukakamaza taya usiku wa kwanza, na familia iliyokuwa inashuku mapepo inapata uthibitisho wake. Risperidoni na aripiprazoli huvumilika zaidi ila huongeza uzito. Klonidini, dawa ya presha, humfaa mtoto ambaye pia hana utulivu, ingawa inasinziisha. Zote hizi hupunguza tiki, haziiondoi Tourette. Mpya ninayoifuatilia ni ecopipam, ambayo inagusa kipokezi kingine cha dopamini tofauti na hizo za zamani; jaribio la watoto 153 lililochapishwa 2023 lilionyesha tiki zikipungua bila uzito kupanda. Kwa watu wazima wachache walioshindikana kabisa, tangu 1999 kumekuwa na upasuaji wa kuweka waya za umeme ndani ya ubongo. Huko Nottingham, Uingereza, mwaka 2020 walijaribu kwa watu 19 kusisimua mshipa wa fahamu wa kifundo cha mkono kwa umeme mdogo wenye mdundo, na tiki na mwasho vikapungua wakati kifaa kinafanya kazi.

Ziara ya mwisho mjomba alimleta tena. Kijana alitoka kwenda kununua maji, mjomba akabaki, helmeti mkononi. “Daktari, na hii ya kwangu? Nina miaka 41. Abiria wanadhani nawakonyeza wake zao.” Nilimwambia kwamba mbinu hizo zilijaribiwa pia kwa watu wazima mwaka 2012, na asilimia 38 walipata nafuu dhidi ya 6 ya waliopewa ushauri na maelezo tu. Akauliza itachukua siku ngapi, maana pikipiki ni ya tajiri. Nikamwambia Alhamisi, saa tatu asubuhi, na kwanza anieleze: kabla macho hayajafumba, unasikia nini?