Je, wajua kwa nini ukuta wa zamani wa London unatafutwa kwenye mapakingi na mabesmenti?

Ukishuka kwenye pakingi ya chini ya ardhi pale mtaa wa London Wall, unakuta kipande cha ukuta wa Warumi kimesimama hapohapo katikati ya magari, kilifukuliwa 1957 barabara ilipokuwa inajengwa. Sasa ukuta wa mji mzima unafikaje huko chini?

Warumi waliujenga kati ya mwaka 190 na 225 hivi, zaidi ya kilomita 3, na mawe yalitoka Kent kwa boti. Baada ya karne nyingi watu wa enzi za kati wakauinua zaidi, wakaongeza minara na nje wakachimba handaki pana. Vita vilipoacha kuwa tishio watu wakaanza kujenga nyumba zikiegemea ule ukuta, si ushapata ukuta wa nyuma bure, na handaki likawa jalala. Hadi leo kuna mtaa unaitwa Houndsditch, yaani handaki la mbwa. Nyumba ikibomoka kifusi kinasawazishwa inajengwa nyingine juu yake, ardhi inapanda tu.

Halafu likaja bomu. Usiku wa tarehe 29 Desemba 1940 ndege za Wajerumani zilichoma sehemu kubwa ya mji, na vita vilipoisha mwanaakiolojia W. F. Grimes akaingia kwenye yale magofu akawa anachimba mashimo membamba ndani ya stoo za chini. Kwa nini membamba? Kwa sababu kuchimba ni kuharibu, tabaka ukishalitoa huwezi kulirudisha, kwa hiyo unachimba pale tu penye swali. Na swali mara nyingi liko kwenye maungio, pale ukuta unapokutana na ukuta mwingine au na handaki.

Pale mtaa wa Noble Street ndo nilipoipenda hii kazi. Ukuta ulionekana mmoja mnene, kumbe ni kuta mbili zimebanana! Wa nje ulikuwa wa ngome ya jeshi ya mwaka 120 hivi, wa ndani uliongezwa baadaye ukuta wa mji ulipojengwa ili unene ulingane. Ndo ikaeleweka kwa nini ukuta wa London una ile kona ya ajabu upande wa kaskazini magharibi, walikuwa wanaifuata ngome iliyokuwepo tayari. Shimo moja dogo likajibu hilo lote.

Siku hizi shimo la majaribio linachimbwa kabla injinia hajashusha nguzo za ghorofa, na toka 1990 anayejenga ndiye anayegharamia, na mimi naona ni haki kabisa.

Minara nayo ina siri yake. Ya magharibi ina uwazi ndani, ni ya miaka ya 1200. Ya mashariki imejazwa mawe ndani yote, ni ya Warumi wa mwishoni, na baadhi ya mawe waliyachukua makaburini. Mnara mmoja karibu na Tower Hill ulitoa vipande vya kaburi la Classicianus, mkuu wa fedha wa Uingereza baada ya uasi wa Boudica, malkia aliyewapiga vita Warumi, baadhi 1852, na kingine 1935 walipokuwa wanajenga kituo cha umeme. Aliyemjengea kaburi hilo ni mkewe, Julia Pacata, jina lake limechongwa palepale.