Kikombe cha karatasi nacho kina plastiki

Waandaaji wengi wa harusi, mikutano na mahafali huamini kwamba wakiacha vikombe vya plastiki na kununua vya karatasi, watakuwa wameiondoa plastiki katika shughuli yao. Nia hiyo ni njema, lakini dhana yenyewe si sahihi. Karatasi tupu hulowa na kuvuja ikimiminiwa chai ya moto. Ndiyo maana viwanda huipaka kwa ndani utando mwembamba, ambao kwa kawaida ni wa polithilini, plastiki ya jamii ileile iliyotumika katika mifuko ya kubebea bidhaa ambayo Kenya iliipiga marufuku Agosti 2017 na Tanzania Bara Juni 2019. Kiloweke kikombe kimoja majini usiku kucha, kisha ukichane taratibu: karatasi itamenyuka na kuacha ngozi laini inayong'aa, nayo haiozi.

Vile vinavyosifiwa kuwa vinaoza, vikiwa vya plastiki itokanayo na mahindi, huhitaji joto la karibu nyuzi 60 katika mitambo maalumu, joto lisilotegemewa katika dampo la kawaida.

Kinachopunguza taka kwa hakika ni chombo kinachooshwa na kutumika tena. Watu wa Pwani wanalijua hilo tangu zamani, kwani pilau ya harusi hupakuliwa kwenye masinia, wageni wakayazunguka kwa makundi, na baada ya karamu masinia hayo huoshwa, yakahesabiwa na kurudishwa kwa mwenyewe yakisubiri shughuli nyingine.