Mtia nia bado si mgombea, hata kwenye chama cha shabaha

Maana yenyewe ni fupi, tuimalize. Mtia nia ni mtu aliyetangaza kwamba anataka nafasi fulani ya uongozi, ama kwa mdomo, ama kwa kwenda kuchukua fomu. Mgombea ni mtu ambaye fomu yake imerudishwa, imechunguzwa, na jina lake limeteuliwa na kamati inayosimamia uchaguzi, kiasi kwamba siku ya kura litaonekana kwenye karatasi. Wa kwanza anajitangaza mwenyewe, wa pili anatangazwa na kamati. Katikati yao yupo mwombaji, aliyerudisha fomu akawa anangoja majibu, lakini huyo hana makuu na hajawahi kunisumbua.

Wanaonisumbua ni ndugu zangu wa mchezo wa kulenga shabaha hapa Mwanza. Uchaguzi wa chama ukinukia tu, kabla hata tarehe haijatajwa, utamkuta mtu amekaa kijiweni Kirumba na wenzake wanamtambulisha kwa mgeni: "Huyu ndiye mgombea wetu wa uenyekiti." Siku mbili tatu zikipita, picha inazunguka kwenye WhatsApp. Kaka kavaa fulana ya mashindano, miwani ya kinga kaipandisha kwenye paji la uso, vikinga masikio vinaning'inia shingoni, nyuma yake duara za shabaha, na chini maandishi manene: MGOMBEA WENU. Ukimuuliza amerudisha fomu lini, anakujibu bila wasiwasi kwamba fomu zinatoka mwezi ujao.

Sasa, kugombea ni mtoto wa kugomba, ndugu wa kugombana na ugomvi. Unagomba kwa ajili ya kitu, ndipo unapokigombea. Kwa hiyo lazima kitu kiwepo, na lazima mlango uwe wazi kwa mwingine naye kukitaka. Simama Buzuruga saa kumi na mbili jioni uone watu wanavyogombea daladala za Kisesa: viwiko, mikoba kupitishwa dirishani, konda anapiga kelele. Lakini hakuna anayegombea gari ambalo halijafika kituoni. Wote wale waliosimama kando ya barabara wanangoja tu, hata kama kila mmoja moyoni keshajichagulia siti ya dirishani.

Nia nayo ilitujia kutoka Kiarabu, na kabla wanasiasa hawajaichukua ilikuwa imekaa zaidi kwenye ibada. Anayeswali hutia nia, anayefunga hutia nia. Ni jambo la moyoni, halihitaji muhuri wala mdhamini. Ndiyo maana naona lilikuwa chaguo zuri siasa zilipohitaji jina la watu ambao wamesema wanataka lakini hawajakubaliwa na yeyote. Mwaka 2015 watu zaidi ya 40 walichukua fomu ndani ya CCM kutaka kupeperusha bendera ya urais. Wakachujwa Dodoma wakabaki watano, kisha watatu, kisha mmoja, John Magufuli, mtu wa huku huku kwetu Kanda ya Ziwa. Kuwaita wote wale wagombea urais kungekuwa kichekesho, maana Watanzania tungedhani siku ya kura tutapewa karatasi ndefu kama kanga. Walikuwa watia nia, na mgombea wa chama alikuwa mmoja.

Wapenzi wa mpira nao walipata somo lao Agosti 2021. Kiti cha urais wa TFF kilikuwa na watu kadhaa waliochukua fomu, redio zikawajadili asubuhi na jioni, lakini siku ya mkutano mkuu pale Tanga jina la kupigiwa kura lilikuwa moja tu, la Wallace Karia. Watu wakauliza, "Wagombea wengine wameenda wapi?" Swali lenyewe lilikuwa na kasoro. Mgombea alikuwa mmoja. Wengine waliishia njiani, na kama kuna la kulalamikia, na lipo, basi liko huko njiani: kwenye masharti ya wadhamini, kwenye usaili, kwenye kamati. Ukiwaita wagombea unakuwa umeshawapitisha kwa mdomo wako, halafu huoni tena mahali walipokwama.

Hapo ndipo penye uzito wa jambo hili, na naomba nikae hapo kidogo.

Uchaguzi wa chama cha michezo nchini kwetu una hatua zake. Vyama vinasajiliwa na Msajili aliye chini ya Baraza la Michezo la Taifa, BMT, lililoundwa kwa sheria ya 1967, na ngazi ya mkoa mara nyingi utamkuta afisa michezo amekaa mezani uchaguzi unapofanyika. Fomu zinatolewa, zinarudishwa na risiti ya malipo imebanwa nyuma kwa pini, kuna usaili, majina yanabandikwa, kuna muda wa pingamizi, kuna uteuzi wa mwisho, halafu kampeni, halafu kura. Kila hatua ina mlango wake wa kulalamikia. Aliyekatwa kwenye usaili anadai kuteuliwa, na shauri lake ni la rufaa dhidi ya kamati. Aliyeshindwa kwenye kura anabishia matokeo, na shauri lake ni la hesabu na mwenendo wa mkutano. Mtu akijiita mgombea tangu siku ya kwanza, siku akikatwa anapeleka malalamiko ya kura wakati kura haijapigwa. Anarudishwa, muda wa rufaa unampita, na baadaye anatuambia kijiweni kwamba ameonewa. Pengine ameonewa kweli! Lakini aligonga mlango usio wake.

Pingamizi nalo ni vilevile. Huwekwa dhidi ya jina lililobandikwa ubaoni. Huwezi kumwekea pingamizi mtu kwa sababu umeona picha yake kwenye simu. Na kampeni ni vilevile: kanuni nyingi za uchaguzi wa vyama zinakataza kampeni kabla ya uteuzi, kwa hiyo yule anayesambaza MGOMBEA WENU kabla ya wakati anaweza kuwa anamwandikia mpinzani wake pingamizi, tena na picha ya ushahidi kaambatanisha mwenyewe.

Kwenye shabaha kuna jambo la ziada ambalo kwenye bao au draft halipo. Huu ni mchezo wa silaha. Umiliki wa silaha unaongozwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, na leseni inapitia polisi. Mtu anayetaka kuongoza chama cha namna hii anaulizwa maswali ambayo mwenyekiti wa chama cha riadha haulizwi: silaha yake iko kihalali? Amewahi kuondolewa uwanjani kwa kukiuka usalama? Uchunguzi huo ndio unaomvusha kutoka kutia nia kwenda kugombea. Ukimtambulisha kwa mfadhili kama mgombea kabla hajavuka, umemwambia mfadhili kwamba kuna watu waliomchunguza wakaridhika. Hakuna. Ni wewe na yeye na soda zenu.

Kinachonishangaza ni kwamba wanaokosea ni watu ambao mchezo wao wote umejengwa juu ya hatua. Chukua ulengaji wa vitendo, ule wa kulenga huku mtu anakimbizana na saa, unaosimamiwa duniani na IPSC, shirikisho lililozaliwa 1976 huko Columbia, Missouri, likiwa na Jeff Cooper kama rais wake wa kwanza. Mshindani akisimama kwenye mstari hagusi silaha mpaka aamriwe. Kuna amri ya kujaza na kujiandaa. Kuna swali kama yuko tayari. Kuna amri ya kusubiri, halafu ukimya, halafu kipima muda kinalia ndani ya sekunde 1 hadi 4, na hapo ndipo anaanza. Risasi ikimponyoka wakati anajaza, anatolewa mashindanoni siku hiyo hiyo, hata kama haikumgusa mtu wala hakukusudia. Hakuna mlengaji atakayekuambia kwamba kujaza na kuanza ni kitu kimoja kwa sababu "si yote ni kushika bastola". Ila mlengaji huyo huyo ukimwambia kwamba kuchukua fomu na kugombea ni vitu viwili, anakuona unatafuta makosa.

Na wale wa bunduki ya upepo ya mita 10 ndio kabisa. Nukta ya pointi 10 kwenye shabaha yao ina upana wa nusu milimita. Risasi inahesabiwa kwa desimali, juu kabisa ni 10.9, na mtu anaweza kukosa medali kwa 0.1. Watu wenye jicho la namna hiyo wanashindwaje kuona pengo kati ya fomu iliyochukuliwa na jina lililoteuliwa? Pengo lenyewe ni la wiki kadhaa.

Ukitaka kuona kugombea kwenyewe kunavyokuwa, tazama shirikisho la dunia la mchezo huu, ISSF, lililoanzishwa Zurich mwaka 1907. Olegario Vázquez Raña wa Meksiko alikaa kwenye kiti cha urais kuanzia 1980 hadi 2018. Alipoondoka, mkutano wa Munich ukawa na majina mawili, Vladimir Lisin wa Urusi na Luciano Rossi wa Italia. Lisin akapata 148, Rossi 144. Kura nne! Mwaka 2022 wakakutana tena Sharm el-Sheikh, Misri, na safari hii Rossi akapata 136, Lisin 127. Huko majina yalikuwa kwenye karatasi, kila mmoja akijua anashindana na nani na kura zinatoka kwa nani.

Kura zinatoka kwa nani, hilo nalo watia nia wetu hulisahau. Rais wa ISSF huchaguliwa na wawakilishi wa mashirikisho ya nchi. Walengaji mmoja mmoja hawapigi kura. Chama cha mkoa nacho kina wajumbe wake kwa mujibu wa katiba. Nimewaona watu wakinunulia chakula uwanja mzima, sato wa kukaanga na ugali kwa kila aliyekuja kutazama, wakati wenye kura walikuwa wachache tu na wawili kati yao wala hawakuwepo siku hiyo. Mgombea aliyepitia usaili angalau keshaisoma katiba, maana usaili wenyewe huiulizia. Mtia nia anaweza kufika mbali sana bila kuifungua.

Kuna wanaonijibu kwamba ninakuza jambo dogo, kwamba mtaani "mgombea" ni yeyote anayetaka cheo, na lugha ni ya watu. Nakubali lugha ni ya watu. Ila watu hao hao ndio waliobuni "mtia nia", wakalitumia bungeni, kanisani, kwenye saccos na kwenye kamati za shule, kwa sababu waliona kuna kitu kilikuwa hakina jina. Hatulazimishwi na kamusi. Neno tunalo mfukoni, tunaacha tu kulitoa, na nadhani tunaacha kwa sababu "mgombea" linavimbisha kifua zaidi.

Vilevile tukiacha kutofautisha, "kupita bila kupingwa" nako kunapoteza maana. Watano wanatia nia. Wawili hawarudishi fomu kwa sababu ada iliwashinda. Mmoja anajitoa kwa hiari. Mmoja anakatwa. Anayebaki anapita bila kupingwa, na mtaa mzima unasema wagombea wanne wamefanyiwa hila. Huenda hila ipo, mimi si mtoto, nimeona kamati za uchaguzi zikigeuzwa chekecheo la kuwatoa wasiotakiwa. Lakini kama ipo, imetendwa kwa mmoja, yule aliyekatwa, na huyo mmoja ndiye wa kusimama naye. Tukimchanganya na aliyeshindwa ada na aliyejitoa mwenyewe, kelele zinakuwa nyingi na shauri lake linapotelea humo.

Kwa hiyo, kaka zangu na dada zangu wa shabaha, bila ugomvi: kabla ya kurudisha fomu, jiiteni watia nia, wala si dharau. Mkisharudisha, nyie ni waombaji. Jina likishateuliwa na kubandikwa, hata ningekuwa sitaki uongozi wako nitakuita mgombea bila kusukumwa. Na kama "mtia nia" linakukwama mdomoni, mtu akikuuliza mwambie tu, "Nimechukua fomu." Ni kweli, na haliwekewi pingamizi.