Nyufa za nyumba yako hazipunguzi reti

Mimi ni mthamini wa ardhi Mombasa, na nimeletewa tena picha za nyufa na mtu anayetaka kupunguziwa reti, kodi ya ardhi inayotozwa na kaunti. Safari hii ni nyumba ya mtaa wa Tudor: dari linavuja, rangi imebanduka kwa hewa ya chumvi, nondo za roshani zimechungulia nje. Mwenyewe amezipanga kwenye faili vizuri, na barua ya wakili iliyo juu yake yasema nyumba kama hii haiwezi kuwa na thamani ile iliyoandikwa na kaunti. Hela ya wakili imeshatoka, na hoja haina kazi kuanzia mstari wa kwanza.

Jamani, nyumba haikuthaminiwa. Kilichothaminiwa ni kiwanja.

Mombasa imekuwa ikitoza reti kwa thamani ya ardhi tupu. Maana yake ni ardhi hiyohiyo, mahali hapohapo, barabara na umeme wa mtaa vikiwa palepale, ila juu yake hamna kitu. Gofu lililootewa na mwarobaini na ghorofa jipya la marumaru, kama yako ubavu kwa ubavu kwenye viwanja vinavyolingana, yanatakiwa kuandikiwa thamani ileile. Kuleta picha za dari ni sawa na kutaka mbuzi ashuke bei kwa kuwa kamba yake imekatika.

Sheria inaruhusu kaunti kutoza na jengo pia, kwa hivyo kabla hujanikamata shati, fungua daftari la uthamini, yaani orodha ya kaunti ya viwanja na thamani zake. Kwa muundo tuliouzoea kuna safu ya ardhi pamoja na kilichojengwa, safu ya ardhi tupu, na safu ya tofauti kati ya hizo mbili. Angalia reti yako imepigwa kutoka safu ipi. Ikiwa ni ya ardhi tupu, rudisha simu mfukoni.

Hapo ndipo mtu huja na hoja ya pili: "Lakini lizi yangu, muda niliokodishiwa ardhi, imebaki miaka michache tu." Pole. Uthamini wa reti, kwa sheria tuliyofanyia kazi miaka yote, Sura ya 266 ya sheria za Kenya, uliichukulia ardhi kana kwamba ni miliki huru isiyo na deni wala mzigo. Lizi inayokaribia kuisha, mkopo wa benki, mpangaji asiyetoka: vyote hivyo vinashusha bei utakayopata sokoni, na hakuna hata kimoja kinachogusa daftari. Kinachogusa ni masharti ya kisheria juu ya ardhi yenyewe. Mwenye kiwanja Mji wa Kale, ambako huwezi kupandisha ghorofa utakavyo kwa sababu ya uhifadhi, ana hoja nzito. Cha ajabu, huyo ndiye huja na picha za milango.

Wenye nyumba bila ardhi, waliojenga kwenye kiwanja cha mtu mwingine mtaa wa Majengo na kwingineko, nao huja. Daftari lina jina la mwenye ardhi, na reti inamfuata yeye. Kinachokufikia wewe ni kodi ya kiwanja kupandishwa, na hilo ni la kukaa naye kitako.

Sasa, nini kinashinda? Makosa ya kawaida kabisa. Eneo lililoandikwa hekta badala ya ekari. Namba mama, ile ya kiwanja kizima, iliyobaki daftarini baada ya kiwanja kugawanywa. Kipande ulichoachia barabara ambacho bado kinahesabiwa kuwa chako. Niliwahi kushika kiwanja cha Nyali kilichothaminiwa kama cha mstari wa mbele baharini. Nilipoitandaza ramani ya upimaji mezani, kati ya kiwanja na bahari palikuwa na kichochoro cha umma na kiwanja cha mtu mwingine chenye ukuta mrefu. Bahari mteja wangu aliiona akiwa juu ya paa, akipanda kusafisha tangi. Nilikipaka kile kiwanja cha katikati kalamu ya buluu, nikaambatanisha ramani na barua ya ukurasa mmoja. Thamani ikashushwa.

Kosa la kipimo lisipokuwepo, inabaki kubishania bei, na hapa nitasema kitu ambacho wenzangu hawatapenda. Ushahidi wetu wa mauzo ni mbovu. Ushuru wa stempu, unaolipwa ardhi ikiuzwa, mjini ni asilimia 4 ya bei, kwa hivyo wako wanaoandika bei ndogo kuliko waliyolipana. Madalali nao hutangaza bei ya ndoto. Ukweli uko katikati, na katikati hapo ni papana. Mtaa wa Kizingo ni shida zaidi, maana kiwanja kitupu hakiuzwi huko mara kwa mara. Tunachukua nyumba iliyouzwa, tunatoa thamani ya jengo, tunaita kilichobaki ardhi. Tukikosea jengo, kosa lote linaangukia ardhi. Mtu akiniuliza chini ya kiapo kwa nini nimesema milioni 12 na si 13, nitazungumza vizuri, lakini sitakuwa na uhakika huo ninaouonyesha.

Na tazama linavyogeuka: zipo nyufa zenye maana, ila ni za jirani aliyeuza. Kama gofu lake limekwenda kwa bei kubwa, karibu bei yote ile ni ya ardhi, na hiyo ni habari mbaya kwako. Usiilete.

Mengine kwa haraka. Unapinga daftari, hupingi bili. Bili ikifika, huenda dirisha la kupinga limeshafungwa. Kwa Sura ya 266 dirisha lilikuwa siku 28 tangu tangazo la daftari. Sheria ya kitaifa ya reti ya 2024 imeifuta sura hiyo, kwa hivyo tarehe isome kwenye tangazo lenyewe, si kwenye meseji ya kundi la mtaa. Kiwango cha asilimia hupangwa na bunge la kaunti, na hoja kwamba taka hazizolewi ipeleke huko. Reti ni ya kaunti. Kodi ya lizi ni ya serikali kuu, ofisi nyingine kabisa. Endelea kulipa wakati pingamizi likisubiri, la sivyo riba itapanda, na bila cheti cha kutodaiwa hutahamisha hatimiliki.

Kabla ya kunipigia simu, piga hesabu. Tuseme kiwango ni asilimia 1 na unaamini wamekuzidishia laki tano. Hiyo ni shilingi 5,000 kwa mwaka. Ripoti yangu ni ghali kuliko hapo, na hao wa faili la Tudor walimlipa wakili kwanza. Kama kosa ni la hekta na ekari, chukua nakala ya hatimiliki na ramani, andika barua mwenyewe.