Kiwiko cha Barkley na mengine watu wanayokosea kuhusu basketi ya Angola

Juzi jioni tumekaa pembeni ya uwanja tunasubiri zamu yetu ya kuingia, dogo mmoja akatoa simu akatuonyesha ile klipu maarufu, Charles Barkley, nyota wa timu ya Marekani, anampiga kiwiko cha kifua mchezaji wa Angola, Olimpiki ya Barcelona 1992. Watu wakacheka. Dogo nae akaongezea, eti hawa walienda Olimpiki kupiga picha na kina Jordan tu. Nikamwambia bwana mdogo hapo umepotea, basi ubishi ukaanzia hapo mpaka taa zikazimwa na zamu yetu ikapita. Nayaandika hapa maana naona sio yeye peke yake, kila anayeijua Angola ya basketi anaijua kwa hicho kiwiko.

Tuanze nacho basi. Ni kweli kabisa walichapwa, 116 kwa 48, tena kuna kipindi katika mechi ile Wamarekani walifunga 46 Angola wakapata 1, na hiyo moja yenyewe ni mtupo wa adhabu uliotokana na faulo ya Barkley. Aliyepigwa ni Herlander Coimbra, kijana mwembamba tu, na baada ya mechi Barkley akatania eti alidhani jamaa atamtolea mkuki. Utani wa ovyo kweli ule, lakini dunia ikacheka na mpaka leo ndo kumbukumbu iliyobaki.

Sasa klipu inaishia hapo, mashindano hayakuishia hapo. Waliendelea wakafungwa na Croatia, wale waliokuja kubeba medali ya fedha, kwa pointi 9. Ujerumani ya Detlef Schrempf, mtu wa NBA kabisa, ile ligi kuu ya Marekani, ikawapita kwa pointi 1 tu, 64 kwa 63. Alafu wakakutana na Hispania, wenyeji wenyewe, mbele ya watu wao. Angola 83, Hispania 63. Soma tena hiyo, pointi 20, ugenini kwa mwenye shughuli! Hispania ikakosa robo fainali kwenye Olimpiki iliyoandaliwa nyumbani kwao, na kocha wao Antonio Díaz-Miguel, aliyekuwa na timu ile toka 1965 na akaipeleka mpaka fedha ya 1984, hayo ndo yakawa mashindano yake ya mwisho. Wahispania wana jina lao kabisa la kipigo kile, wanakiita Angolazo. Angola wakamaliza nafasi ya 10. Wa kupiga picha gani hao sasa?

Na hao Wamarekani walikutana nao tena na tena, maana Angola ilienda Olimpiki tano mfululizo, 1992 mpaka 2008. Ile tofauti ya pointi 68 ya Barcelona ikashuka ikawa 33 kule Atlanta 1996, 36 Athens 2004, na Beijing 2008 ikawa 21. Sisemi walikaribia kuwafunga, hapana, ila aliyebaki na picha ya 1992 kichwani mwake anaangalia picha ya zamani.

Jamaa mwingine pale akarukia la pili, hili nalisikia sana hata kwenye soka, eti "hao wanabebwa na uwanja wa nyumbani". Nikamwambia tuhesabu. Angola ina mataji 12 ya Afrika, hakuna nchi inayoikaribia, wanaofuata ni Misri na Senegal wenye matano matano. Katika hayo 12, ya nyumbani ni manne tu, 1989, 1999, 2007 na 2025. Mengine manane wameyachukua kwenye majumba ya watu: Misri mara mbili, Algeria mara mbili, Morocco, Libya, Ivory Coast, na moja wamelibebea hapa hapa kwa jirani, Nairobi 1993. Wakenya waliokuwa na umri wa kuingia uwanjani mwaka ule wanakumbuka, Kenya yenyewe ilifika nusu fainali ikamaliza ya nne, na nadra sana kumsikia Mkenya wa leo anajivunia hilo, sijui kwanini. Kuanzia 1989 mpaka 2009 yalichezwa mashindano 11 ya Afrika, Angola ikakosa moja tu, la 1997 lililochukuliwa na Senegal. Uwanja wa nyumbani unabeba hivyo kweli?

Kuna wanaodhani Angola ilizaliwa bingwa. Hakuna kitu kama hicho. Mashindano ya Afrika yameanza 1962, Angola wakati huo ni koloni la Mreno, ikapata uhuru Novemba 1975, mashindano yake ya kwanza ni 1980. Ikaingia fainali 1983 ikafungwa na Misri, ikaingia 1985 ikafungwa na Ivory Coast, kombe limekuja 1989. Hapo katikati ni makambi na mazoezi na kocha Victorino Cunha, yule yule aliyeenda nao Barcelona.

Alafu hili la vita. Watu wengi wanasema Angola imekuja kuwa nzuri baada ya amani kurudi, pesa ya mafuta ikaingia, viwanja vikajengwa. Inaingia akilini ukiisikia haraka haraka, ila kalenda inakataa. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vimeanza 1975 vimeisha Aprili 2002. Mataji ya 1989, 1992, 1993, 1995, 1999 na 2001 yote yamo ndani ya vita. Nusu ya mataji yao! Na ushindi ule dhidi ya Hispania ulikuwa katikati ya 1992, mwaka ambao nchi ilikuwa inajaribu kupumua, uchaguzi ukafanyika Septemba, na baada ya hapo mapigano yakarudi upya. Mafuta yalichangia ndiyo, Petro de Luanda ni timu ya kampuni ya mafuta ya taifa, na Primeiro de Agosto ni timu ya jeshi, kwahiyo mchezaji alikuwa na pa kulala na pa kufanyia mazoezi hata nchi ikiwa inaungua. Lakini hizo klabu zilikuwepo na zinafanya kazi vita vikiwa vinaendelea, hazikusubiri amani.

Na hapo kwenye klabu ndo penye siri yenyewe, kama ni siri. Wachezaji wengi walibaki Luanda, wanacheza ligi moja, wanajuana toka watoto, wakiitwa timu ya taifa hawaanzi kuulizana majina. Sisi wengine tunakusanya watu wiki mbili kabla ya mashindano, mmoja katoka huku mwingine kule, tunategemea kipaji kitamaliza kazi. Angola walikuwa wanakuja na mpira unaotembea, kukaba toka juu, kutupa tatu, na kila mtu anajua mwenzake atakuwa wapi.

Ndo maana nacheka mtu akisema "walikuwa na mastaa wa NBA". Mataji 11 ya kwanza, mpaka 2013, hakuna hata Mwangola mmoja aliyekuwa amecheza mechi ya NBA. Jean-Jacques Conceição, ambaye wengi tunamuona ndo mkubwa wao wa muda wote, alienda kucheza Ureno na Ufaransa. Carlos Morais alienda Toronto Raptors 2013, mechi za maandalizi, akaachwa kabla ya ligi kuanza, kwahiyo huyo pia msimuweke. Wa kwanza kucheza NBA ni Bruno Fernando, 2019, akiwa na Atlanta Hawks.

Ukitaka kuwaona bila NBA wanavyosumbua watu wa NBA, tafuta Kombe la Dunia 2006, Hiroshima, Angola na Ujerumani. Dirk Nowitzki, nyota wa Ujerumani, katoka fainali ya NBA miezi miwili tu nyuma. Dakika 40 zikaisha sare. Nyongeza ya kwanza, sare. Ya pili, sare. Ya tatu ndo Ujerumani wakapona, 108 kwa 103, na Nowitzki ilibidi afunge 47 ili timu yake ipite. Arobaini na saba! Upande wa Angola yupo Joaquim Gomes, Olímpio Cipriano, Miguel Lutonda, majina ambayo dogo mwenye simu hakuwahi kuyasikia.

Yeye alinibana kwa moja, na hapo nilimkubalia. Akasema "mbona Sudan Kusini waliwapiga?" Kweli, Kombe la Dunia 2023, 101 kwa 78, na ushindi ule ndo uliowapeleka Sudan Kusini Olimpiki ya Paris. Heshima yao. Ila kutoka hapo kwenda kusema Sudan Kusini ndo wameionyesha Afrika basketi ni kuruka ukurasa, Sudan Kusini imeingia FIBA, shirikisho la basketi la dunia, 2013, mwaka ule ule Angola inabeba taji la 11.

Baada ya la 11 ndo ukame ukaja, miaka 12, Nigeria wakachukua, Tunisia wakachukua mara mbili, watu wakasema Angola imekwisha. Agosto 2025 wakawa wenyeji Luanda, fainali wakaifunga Mali 70 kwa 43. Na mchezaji bora wa mashindano yote hakuwa jitu la mita mbili na kitu, alikuwa Childe Dundão, pointi gadi, yule anayepanga mashambulizi, mfupi kuliko karibu kila mtu uwanjani. Nilimwambia dogo atafute klipu yake, akasema bando limeisha.