ECG yako imeandika «infarctus»? Soma hapa kwanza

Kila mara kampani za mine zinapoajiri hapa Lubumbashi, benchi ya konsiltasyo ya moyo inajaa vijana wenye karatasi ya ECG (mchoro wa umeme wa moyo) mkononi. Walienda tu kufanya visite medikale, sasa juu ya karatasi mashini imeandika yenyewe «infarctus antérieur, ancien probable», yaani labda zamani nyama ya mbele ya moyo ilikufa ikaacha kovu, basi usingizi umekwisha, mama ameshapigia ukoo mzima simu, na mwingine ameshaanza kumeza dawa za jirani mwenye tansiyo (hii ya dawa za jirani tutaisema mpaka lini?). Njo maana serivisi ya moyo imeniomba niandike.

Ile mashini haioni moyo. Inapima mistari na kulinganisha na kanuni walizoiwekea, na imefundishwa kuogopa, kwa hiyo inaandika «probable» hata pale munganga angetikisa tu kichwa.

Kovu yenyewe iko hivi. Nyama ya moyo ikikosa damu inakufa, mwili unaweka nyuzi ngumu mahali pake, na kama wiki 6 mpaka 8 hivi kovu imekomaa. Kovu haipitishi umeme. Elektrodi inayoangalia upande ule inaona umeme unaenda kwingine, mstari unaanza kwa kushuka, ndiyo wimbi Q. Tunayoijali iko pana, sekunde 0.04 kwenda juu, yaani kisanduku kidogo 1 karatasi ikitembea milimita 25 kwa sekunde, mara nyingi kina chake kinafika robo ya R inayoifuata (wimbi linalopanda), tena ionekane mu derivasyo mbili zinazopakana (derivasyo ni upande ambao mashini inauangalia moyo): II, III na aVF ni upande wa chini wa moyo, V1 mpaka V4 ni mbele. Q iko peke yake mu III? Watu wazima wengi wanayo. Tafadhali msitutumie picha yake saa sita ya usiku.

Kuna pia QRS (Q, R na S pamoja, umeme ukipita mu vyumba vikubwa vya moyo) yenye meno-meno, umeme unapotafuta njia kando ya kovu, halafu kuna R isiyokua kutoka V1 kwenda V4, na hapa njo makosa mengi yanaingilia. Elektrodi za V1 na V2 zinawekwa kifuani mu nafasi ya 4 kati ya mbavu. Wengi wanazibandika juu, nafasi ya 2, karibu na shingo ya shati. Kijana mmoja tulimshushia elektrodi mbavu mbili akiwa bado amelala palepale, tukachapa tena: R imerudi, «infarctus» imepotea. Moyo ulionenepa ju ya tansiyo, au bloki ya tawi la kushoto (njia ya umeme ya kushoto imefungwa), navyo vinadanganya mashini.

Upande wa pili nao muusikie: ECG safi haisemi kwamba kovu haiko. Mwenye sukari anaweza kupata infarctus bila maumivu makali, na miokardite (nyama ya moyo ikivimba kwa ugonjwa) inaweza kuacha kovu bila mshipa wowote kuziba. Tukishuku tunafanya ekografi ya moyo tuone kama ukuta unatembea. IRM (mashini ya picha kwa sumaku) ndiyo inaonyesha kovu yenyewe.

Sasa utaratibu. Leta karatasi yenyewe, si picha ya WhatsApp, iwe na jina lako, tarehe na saa. Leta na ECG ya zamani kama unayo, hata ya miaka mingi, maana Q iliyokuwepo tangu zamani na Q mpya hatuzisomi sawa. Leta bon yenye tampo ya aliyekutuma, na karte yako. Bila bon rejista haikupokei, na kugombana na dada wa mapokezi hakubadilishi kitu. Karatasi hii inachapwa kwa joto: piga fotokopi mapema, na usiiplastifie, itageuka nyeusi yote.

Na wale wanaoleta ECG ya mdogo wao ili wapite: kugushi maandishi ni kosa, Code pénal inasema miezi 6 mpaka miaka 5 ya jela, na anayeitumia karatasi ile akijua ni ya uongo naye anaguswa. Halafu kovu inaweza kuvuruga mapigo ghafla, uko chini ya mine peke yako.

Kifua kikibana zaidi ya dakika 15, ukizimia, au jasho baridi likikutoka, achana na bon na randevu, nenda irjansi.